Kabla ya Kuteremka Magadi

Barabara ya Magadi huanza kwa kubembeleza. Ukishapita Kiserian na kufika Kona Baridi, begani mwa milima ya Ngong, Bonde la Ufa linafunguka mbele yako, na kuanzia hapo ni mteremko, ukiondoa vilima vya hapa na pale. Unatoka penye baridi ya sweta na kushuka zaidi ya mita elfu moja hadi ziwani, ambako joto la adhuhuri hupita nyuzi 35 bila kuomba ruhusa. Mgeni wa njia hii hufika Olorgesailie akijiona bingwa. Bado hajakumbuka kwamba nyumbani ni juu.

Ndiyo maana miongoni mwa makundi ya waendesha baiskeli wa Nairobi, Kikuyu, Ngong na Rongai, Magadi si safari ya kukurupukia. Huandaliwa kwa wiki kadhaa, na kadiri miaka inavyokwenda maandalizi hayo yamekuwa desturi kamili, yenye wazee wake, miiko yake, chakula chake na utani wake. Anayewatazama kwa mbali huona kaptura za kubana na miwani ya kung'aa, akadhani ni mchezo wa wenye pesa. Wenye pesa wamo, kweli. Wamo pia mafundi, walimu, wauza mitumba na wanafunzi wa vyuo, na wote hupimwa kwa mizani moja: ukiharibikiwa njiani, unaweza kujisaidia? Na mwenzako akiharibikiwa, utasimama?

Hadi mji wa Magadi, ambako magadi yamekuwa yakichimbwa kibiashara tangu 1911, kuna lami, ingawa ni lami yenye mashimo yake. Wengi huishia hapo, wakanywa soda, wakageuza. Msafara unaotajwa kwa heshima ni ule unaokatiza ziwa juu ya tuta lililojengwa majini, heroe wakiwa kushoto na kulia, na kuendelea ng'ambo kuelekea Nguruman, chini ya ukuta wa magharibi wa bonde. Huko lami hakuna. Kuna vumbi laini, kokoto zinazoviringika, mchanga wa makorongo, na sehemu ambazo magari yameikunja barabara kama bati la kuezekea. Baiskeli ileile, siku ileile, inatakiwa ikimbie kwenye lami na isizame mchangani. Hapo ndipo ugomvi wa matairi unapozaliwa.

Ugomvi huo una msimu wake. Kapteni akishatangaza tarehe kwenye kundi la WhatsApp, haupiti usiku mmoja kabla mtu hajauliza: tairi la upana gani? Hapo simu hailali. Wenye matairi membamba ya milimita 28 hutetea mwendo wa lami. Wenye ya milimita 40 huwauliza watatokaje mchangani. Mwenye baiskeli ya milimani hutuma picha ya tairi lake nene na kicheko, bila neno. Kila mmoja ana hoja, lakini kwa maoni yangu swali la upana huzungumzwa kupita kiasi na swali la upepo husahaulika. Tairi lililojazwa hadi likawa gumu hurukaruka juu ya kokoto badala ya kuzikanyaga. Mwendo unapotea, na baada ya saa mbili viganja vimekufa ganzi. Likiwa laini mno nalo, jiwe moja kali linatosha kuubana mpira wa ndani dhidi ya rimu na kuutoboa mara mbili kwa mpigo. Mtu wa kilo 70 kwenye tairi la milimita 40 lisilo na tyubu husafiri vizuri kwa pauni 30 hadi 40 hivi. Akiwa na tyubu, huongeza kidogo. Juu ya lami atahisi anaburuta. Akivuka ziwa atafurahi.

Kila kundi lina mtu mzima asiyetaka kuona kipimo. Hubonyeza tairi la mwenzake kwa kidole gumba, akakunja uso.

"Kijana, punguza upepo."

"Mzee, si nitaburuta hadi Kisamis?"

"Utaburuta. Punguza."

Na kijana hupunguza, kwa sababu miongoni mwa watu hawa umri wa heshima hauhesabiwi kwa mvi, huhesabiwa kwa kilomita. Nimemwona mwanamke wa miaka thelathini na kitu akimwelekeza meneja wa benki aliye rika la baba yake namna ya kukaza ekseli, naye meneja akiitikia kwa adabu zote.

Adui mwingine ni miiba. Njia nzima, ukishaliacha eneo la baridi, imepandwa migunga na Mwenyezi Mungu mwenyewe, na wachungaji hukata matawi yake kujengea maboma ya ng'ombe. Mwiba mmoja mkavu ulioanguka barabarani una urefu wa kidole na ugumu wa msumari. Wenye uwezo wameacha tyubu. Humimina ndani ya tairi dawa nyeupe ya kuziba matundu, na tundu dogo likitokea dawa hububujika, ikaganda, safari ikaendelea. Ni uvumbuzi mzuri, lakini dawa hiyo hukauka. Kwenye joto letu baada ya miezi michache huwa imebaki utando tu ndani ya tairi. Kwa hiyo moja ya desturi za wiki ya mwisho ni kutikisa gurudumu karibu na sikio: usiposikia maji yakicheza ndani, huna dawa, una imani tu.

Mchezo huu wa kuendesha baiskeli kwenye changarawe una umaarufu mpya duniani. Mashindano yake makubwa zaidi Marekani, ya Emporia katika jimbo la Kansas, yalianza 2006 na watu 34 tu, na ubingwa wa dunia ulianzishwa na shirikisho la kimataifa mwaka 2022 nchini Italia. Kwetu, mashindano ya Migration Gravel Race yalianza Juni 2021 katika eneo la Maasai Mara: siku nne, takriban kilomita 650, washindani wakilala kwenye mahema. Hapo ndipo vijana wa Kenya, Uganda na Rwanda walipopangwa mstari mmoja na wataalamu kutoka Ulaya na Marekani kwenye vumbi la nyumbani. Nahodha wa timu ya baiskeli ya Team Amani, Suleiman Kangangi, ndiye aliyekuwa sauti ya jambo hilo. Aliwaambia walimwengu waziwazi kwamba tatizo la mwendesha baiskeli wa Afrika Mashariki si miguu, ni nafasi ya kushindana. Alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka kwenye mashindano ya changarawe huko Vermont, akiwa na miaka 33. Jina lake bado hutajwa watu wanapokusanyika kabla ya kuondoka, na wakongwe huvua helmeti.

Lakini tusijidanganye kwamba changarawe ililetwa na mashindano. Muulize muuza maziwa wa Kinangop, au mbeba makaa anayeitoa mizigo yake ndani huko kwenye vichaka vya Kajiado. Anaendesha Black Mamba, baiskeli ya chuma isiyo na gia, magunia mawili nyuma, na barabara yake ina kila kitu ambacho wenzetu husafiri kwa ndege kukifuata. Hana helmeti wala saa ya kupima mapigo ya moyo. Mzigo wake umefungwa kwa vipande vya mpira wa tyubu kuukuu, na mpira huohuo ndio spea yake, kamba yake na kiraka chake. Kundi linalojiheshimu halimpiti mtu huyu kimya. Husalimiwa kwanza, na akiwa amekwama kwenye kilima, wawili hushuka wakamsukuma hadi juu. Wapya huona ni huruma. Si huruma. Siku ukikatikiwa mnyororo mahali pasipo mtandao wa simu, ni mtu wa namna hiyo atakayetoa msumari mfukoni na kukutengenezea pini.

Mazoezi ya Magadi hufanywa Jumamosi, mara nyingi kwenye ukingo wa bonde upande wa Kikuyu na Limuru. Kikuyu ndiko alikoishi na kufundisha David Kinjah, mkongwe wa baiskeli wa Kenya, na mmoja wa watoto waliomfuata kwenye vumbi la vijiji hivyo alikuwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, ambaye baadaye alishinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Kutoka huko watu huteremka Mai Mahiu na kupanda tena. Kando ya kilima hicho kuna kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Waendesha baiskeli wengi wanalijua kwa nje tu. Ukifika hapo ukipanda, hujali usanifu wa mtu.

Kinachofundishwa Jumamosi hizo si mbio. Ni kukaa na wenzako. Kwenye lami msafara huenda kwa jozi, na lori likisikika huwa mstari mmoja kabla halijapiga honi. Aliye mbele hubeba upepo kwa niaba ya wote. Wa nyuma yake, akimkaribia vizuri, hutumia nguvu pungufu kwa robo au hata theluthi. Kwa hiyo kuna zamu, na zamu ni deni. Mtu anayejificha nyuma siku nzima kisha akachomoka kilomita ya mwisho ili aonekane wa kwanza hatakaripiwa. Wiki inayofuata atajikuta mbele, peke yake, kwenye upepo wa Isinya, na nyuma yake kimya kizito cha watu wanaocheka kwa ndani.

Wa mbele pia ndiye macho ya kundi. Huonyesha shimo kwa kidole kando ya paja, hupaza sauti: "Shimo!" "Mchanga!" "Mbuzi!" Na neno hupokelewa na kupitishwa nyuma, mmoja hadi mwingine, hadi wa mwisho. Ukimeza neno, aliye nyuma yako ndiye atakayeanguka.

Lami ikiisha, kanuni hugeuka. Vumbi la aliye mbele humpofusha wa nyuma, kwa hiyo watu huachana hatua kadhaa na kila mmoja huchagua njia yake. Faida ya kujikinga upepo hupungua, umakini huongezeka. Kwenye mchanga mwiko ni kubana usukani: uzito unarudi nyuma kidogo, mikono inalegea, miguu inaendelea kuzunguka bila papara, na gurudumu la mbele linaachwa litafute njia. Anayeogopa hushika breki, na breki ya mbele mchangani ni tiketi ya kwenda chini. Nimeshuhudia madaktari wawili wakianguka sehemu moja, dakika moja, kwa kosa hilohilo moja. Heshima yao hospitalini haikuwasaidia.

Mvua nayo ina sheria zake. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hujaa kati ya tairi na uma hadi gurudumu lisizunguke, na mwenye baiskeli akawa mbeba baiskeli. Kule Emporia mwaka 2023 washindani walikutana na tope la namna hiyo mapema tu, na wengi hubeba kijiti bapa cha kukwangulia. Sisi hukata kijiti njiani. Kapteni mwenye busara, mvua ikinyesha usiku wa kuamkia safari, huahirisha, na hakuna anayemwita mwoga isipokuwa wale ambao hawajawahi kubeba baiskeli begani kilomita nne.

Chakula cha usiku wa mwisho ni mada inayopendwa kuliko matairi. Ugali au wali kwa wingi, mboga kidogo, nyama isiyo na mafuta mengi. Asubuhi chai ya tangawizi, viazi vitamu au nduma. Mfukoni ndizi, chapati iliyokunjwa, mayai ya kuchemsha, na kifuko cha chumvi. Hicho kifuko si ushirikina. Kwenye joto la bonde mtu hupoteza lita moja ya jasho kwa saa, wengine zaidi, na jasho hilo huondoka na chumvi. Anayerudishia maji matupu lita kwa lita huishia kichwa kikimuuma na tumbo likimchafuka, akadhani ameishiwa maji, akaongeza mengine. Mwiko mkuu wa siku hiyo ni kujaribu kitu kipya: si chakula kipya, si kiti kipya, si viatu vipya. Kuna watu hununua kila kitu kipya kwa ajili ya Magadi, nao ndio hupanda gari la mizigo kurudi.

Kuondoka ni saa kumi na moja alfajiri, na saa kumi na moja ni saa kumi na moja. Wakenya tunaojulikana kwa kuandika "niko njiani" tukiwa bado chini ya blanketi, hapa tumejifunza adabu, kwa sababu kila dakika inayopotea asubuhi hulipwa mchana kwenye kilima cha kurudi, jua likiwa utosini. Kabla ya kuondoka kapteni hukagua: breki, taa ya nyuma, helmeti, tyubu mbili, pampu, viraka, chupa mbili za maji angalau. Asiye na helmeti hurudi nyumbani. Halafu hutajwa mfagiaji.

Mfagiaji ni mtu wa mwisho katika msafara, na kazi yake ni kutompita mtu yeyote. Anayechoka, anayetapika, anayelia, anayetengeneza tairi, wote wako mbele yake daima. Wageni hudhani kazi hii hupewa mnyonge. Ni kinyume. Hupewa mwenye miguu kuliko wote, maana kuendesha polepole kwa saa tisa juani, ukizungumza na mtu aliyekata tamaa, kunahitaji akiba. Na kwenye kila njia panda walio mbele husimama mpaka mfagiaji aonekane. Kundi lisilo na desturi hii, kwa hukumu yangu, ni watu waliotoka nyumbani wakati mmoja tu. Kundi bado hawajawa.

Ukishaingia sehemu za Wamaasai kuna adabu nyingine. Salamu ni "Sopa," jibu ni "Epa," na haina haraka. Ng'ombe wakikatiza barabara, unashuka. Hukati kundi la mifugo katikati, hupigi kengele, hupigi picha ya mchungaji bila kumuuliza. Ng'ombe mmoja akishtuka hukimbiza wengine mia, na mtoto wa miaka kumi ndiye atakayetumwa kuwatafuta hadi usiku.

Pancha ikitokea, na itatokea, kila mtu anajua mahali pake bila kuambiwa. Baiskeli zote hutolewa barabarani. Mmoja hutafuta kivuli, mwingine hutazama magari. Mwenye pancha hutengeneza mwenyewe. Wakongwe husaidia kwa mdomo, mikono yao wakiifunga nyuma, na hii ni desturi nzuri kuliko inavyoonekana, maana mtu akishatengenezewa mara tatu hajifunzi tena. Anatoa tyubu, anaijaza upepo, anaisogeza karibu na mdomo ili asikie pumzi ya tundu kwenye ngozi ya mdomo wa juu. Maji ya kuzamishia kwenye karai ni anasa ya fundi wa mjini, maji ya hapa ni ya kunywa. Akilipata, anasugua kwa msasa hadi mng'ao uishe. Anapaka gundi. Hapa ndipo pa kupimwa: lazima angoje gundi ikauke hadi isishike kidole, na jua linawaka, na watu ishirini wanamtazama. Mwenye papara hubandika kiraka juu ya gundi mbichi na baada ya kilomita mbili wote wamesimama tena. Wakati akingoja, anapitisha vidole polepole ndani ya tairi kuutafuta mwiba wenyewe, kwa sababu mwiba uliotoboa tyubu ya kwanza bado uko pale ukiisubiri ya pili. Utani ni marufuku mpaka gurudumu lizunguke. Likishazunguka, utani haulipiwi ushuru.

Kurudi sitakueleza sana. Ni kupanda, ni joto, ni ukimya. Watu huongea hadi Olorgesailie, hunung'unika hadi Oltepesi, na baada ya hapo husikika minyororo tu. Wapo wanaokodi gari la kuwachukua Magadi, na sioni aibu ndani yake. Aibu ni kuficha kwamba umechoka mpaka ukaanguka. Soda ya Kisamis hununuliwa na mwenye nafasi, na huwa hakuna anayeuliza nani amelipa.

Siku inayofuata, kabla ya picha na majigambo, baiskeli huoshwa. Vumbi la magadi hula chuma kimyakimya, na mnyororo usiooshwa siku hiyo utakuwa na kutu ndani ya wiki. Wiki hiyohiyo huanza michango kama kuna aliyeumia: mtu huvunjika mfupa wa bega, kundi humlipia sehemu ya matibabu na kumpelekea mkewe au mumewe unga na mafuta. Hayo hayaandikwi kwenye katiba yoyote. Mtunza hazina hutuma namba ya simu, na jioni pesa zimefika.

Idadi ya wanawake kwenye misafara hii inaongezeka, na wameleta jambo ambalo wanaume tulikuwa tumelipuuza: swali la usalama wa kurudi. Sasa makundi mengi hayavunjiki mjini mpaka kila mtu aandike kwamba amefika kwake. Lilipoanza wengine waliona ni udekaji. Leo ni mfagiaji anayefunga orodha hiyo, usiku, akiwa ameshaoga, na hatalala jina moja likikosekana.

Ukipenda kujiunga, usije kwa mara ya kwanza siku ya Magadi. Njoo Jumamosi ya kawaida, upande wa Kikuyu, ukiwa na pampu yako, tyubu mbili, viraka na chupa mbili za maji. Baiskeli ya bei yoyote itapokelewa, mradi breki zishike.